Shujaa Asiyekufa: Utenzi wa Kale na Usimulizi wa Michezo ya Video

Makala haya yananuia kuchunguza uhusiano uliopo kati ya ushairi wa kale, hususan utenzi wa kishujaa, na usimulizi wa michezo ya video. Twafahamu kwamba baadhi ya wasomaji watastaajabu kuiona mada ya namna hii katika jarida la uhakiki wa fasihi. Staajabu hiyo ina historia yake. Mnamo mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake mashuhuri kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kuwepo kwa utenzi wa kishujaa barani humu, na ilimbidi Isidore Okpewho aandike kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1979, ili kuonyesha kwamba utanzu huo upo na kwamba una mengi ya kulinganishwa na tungo za Homer. Sisi ambao utanzu wetu uliwahi kukanwa hatuna budi kusita kabla ya kuukana utanzu wa wenzetu.

Kusita, hata hivyo, si kukubali kila linalosemwa. Wapo wapenzi wa michezo wanaoharakia kutangaza kwamba Homer, lau angaliishi leo, angalikuwa mtungaji wa michezo ya video. Tamko kama hilo halitufikishi mbali. Mhakiki anapaswa kuuliza: ni uhusiano wa aina gani? Je, ni wa nasaba, yaani kimoja kilizaliwa na kingine kwa njia inayoweza kufuatwa tarehe kwa tarehe? Ni wa kuazima visa na wahusika? Ama ni ufanano wa namna ya uwasilishaji, ambapo vitu viwili visivyojuana hufanana kwa kuwa vinakabiliwa na tatizo moja? Maswali haya yamechanganywa mno, na mchanganyiko huo ndio uliozaa majibu mepesi.

Si udadisi mtupu unaotusukuma. Si wachache miongoni mwa wanafunzi wetu wa leo ambao walikutana na shujaa wa mchezo kabla ya kukutana na shujaa wa utenzi. Wanapofika mahali ambapo Fumo Liyongo anachomwa kitovuni na mwanawe, wanaleta matarajio ambayo mwalimu wao hakuwa nayo alipokuwa mwanafunzi: kwamba shujaa akifa huanza upya, na kwamba palikuwa na njia nyingine iliyokosewa. Tusipoyajua matarajio hayo yanakotoka, hatutajua wanachokisoma.

Nasaba ya joka

Tuanze na nasaba, kwani ndiyo inayothibitika kwa urahisi. Beowulf ni utenzi wa Kiingereza cha Kale wenye mishororo 3182, uliohifadhiwa katika muswada mmoja tu ulioandikwa karibu na mwaka 1000. Katika sehemu yake ya mwisho mtu mmoja anajipenyeza katika pango la joka na kuiba kikombe. Joka linaghadhibika na kuichoma nchi. Na Beowulf, ambaye sasa ni mfalme mzee, anatoka kupigana nalo. Wote wawili wanakufa. Kwa muda mrefu wataalamu waliutumia utenzi huu kama ghala la habari za historia na lugha, na mazimwi yake wakayaona kuwa mambo ya kitoto. J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford, aliupinga mtazamo huo katika mhadhara wake wa mwaka 1936, akishikilia kwamba mazimwi ndiyo kiini cha utungo. Mwaka uliofuata alichapisha The Hobbit, hadithi ya watoto ambamo mhusika mdogo wa kimo anaingia katika pango la joka na kuiba kikombe.

Kikombe hicho kikaendelea na safari. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha huko Marekani Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani unaochezwa kwa maneno, karatasi na dadu, ambao toleo lake la kwanza liliwataja hata hobiti wa Tolkien kwa jina. Miongoni mwa waliocheza michezo ya namna hii alikuwemo Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta na mpelelezi wa mapango. Kikundi chake kiliuita mchezo wao kwa jina la msitu mmojawapo wa Tolkien. Crowther alikuwa ameshiriki katika kuchora ramani za Mammoth Cave, pango refu la jimbo la Kentucky. Yapata mwaka 1976 aliandika, kwa ajili ya binti zake wawili, programu iliyokuja kujulikana kama Adventure. Haikuwa na picha. Ilimweleza mchezaji kwa maneno mahali alipo, naye akajibu kwa amri fupi: ingia, chukua, shuka. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliipanua kwa idhini ya mwenyewe, na mwaka huo huo vijana wanne wa MIT, walioicheza hadi wakaimaliza, wakaanza kutunga Zork, mchezo ambao kampuni ya Infocom, iliyoundwa mwaka 1979, iliuuza kwa watu wa majumbani. Sehemu kubwa ya michezo inayosimulia hadithi ilikuja kufuata nyayo hizo.

Nasaba, basi, ipo. Swali ni kilichorithiwa. Katika Beowulf hazina ya joka inazikwa pamoja na shujaa, na mtunzi anatukumbusha kwamba imerudi ardhini isimfae mtu, kama ilivyokuwa kabla. Dhahabu ile iligharimu maisha ya mfalme, na watu wake wanabaki wakingoja uvamizi wa majirani. Katika Adventure ya Woods hazina inatolewa pangoni, inapelekwa katika kijumba kilichoko juu ya ardhi, na inahesabiwa. Mchezaji aliyefanikiwa kabisa hupata alama 350. Pango limerithiwa, na joka, na mali. Maombolezo yameachwa nyuma. Twadiriki kusema kwamba Tolkien mwenyewe, hata katika kitabu cha watoto, hakuyaacha: baada ya joka kuuawa hazina inaleta vita, na mfalme wa vibete anafia humo. Ni baina ya kitabu na mchezo ambapo uzi ulikatika.

Kuna jambo moja dogo ambalo hatuwezi kulipita. Mchezaji wa Adventure anapoamuru joka liuawe, programu inamuuliza kwa kebehi iwapo atalipiga kwa mikono mitupu. Akijibu ndiyo, joka linakufa. Aliyesoma Beowulf atakumbuka kwamba shujaa huyo alipambana na Grendel bila silaha. Hatudai kwamba Woods alikuwa na utenzi huo akilini. Utani wake ni utani wa waandishi wa programu. Lakini yafaa kuona jinsi tendo lililokuwa kilele cha ushujaa limegeuka kuwa jibu la mzaha kwa swali la mzaha, na kwamba tabasamu la mchezaji linatokana na kujua, japo kwa mbali, kwamba mashujaa wa zamani walifanya hivyo.

Dante mwenye silaha

Uhusiano wa pili, ule wa kuazima, ndio unaoonekana zaidi na ndio wenye uzito mdogo. Mwaka 2010 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo uitwao Dante's Inferno, uliotengenezwa na Visceral Games. Dante wa mchezo huu si mshairi. Ni mpiganaji wa Vita vya Msalaba anayemnyang'anya Mauti fyekeo lake na kuteremka katika duara tisa za Jehanamu ili kuikomboa roho ya Beatrice. Mpango wa duara umetunzwa, Virgil yumo, na kampuni ilifikia hatua ya kutoa upya tafsiri ya Longfellow ikiwa na picha ya mchezo jaladani. Wapenzi wengi wa Dante waliudharau. Dharau peke yake si uhakiki. Yafaa tuonyeshe mahali penyewe palipoharibika.

Mahali hapo ni Francesca. Katika wimbo wa tano wa Inferno, Dante anamsikiliza mwanamke huyu akieleza jinsi mapenzi yalivyomwangamiza, naye anazidiwa na huruma hata akaanguka na kuzirai. Huruma hiyo ni tatizo, na utungo wenyewe unajua kwamba ni tatizo: mbele zaidi, katika wimbo wa 20, Virgil anamkaripia Dante kwa kuwalilia waliohukumiwa. Msafiri hana uwezo wa kubadilisha lolote. Anachoweza ni kuuliza, kusikia, na kubeba alichosikia hadi juu duniani. Utungo wote unasimama juu ya unyonge huo, kwani kama angeweza kuokoa hata mmoja, haki ya mahali pale ingekuwa suala la kujadiliana.

Katika mchezo mchezaji anakutana na Francesca vilevile, na anapewa hiari mbili: kumwadhibu au kumsamehe. Anabonyeza kitufe, anazawadiwa nguvu kulingana na uchaguzi wake, na kuendelea. Kwa juu juu huu ni mchango wa mchezo kwa utungo: msomaji aliyekuwa shahidi sasa ni mtendaji. Kwa kweli ni kinyume. Msomaji wa Dante anaachwa na huruma asiyojua pa kuipeleka. Mchezaji amepewa pa kuipeleka, na kwa hiyo hana haja ya kuwa nayo.

Linganisha na jaribio la zamani zaidi. Mwaka 1984 mshairi Robert Pinsky, ambaye baadaye angekuwa mshairi rasmi wa Marekani tangu mwaka 1997 hadi 2000, alitunga kwa kushirikiana na waandishi wa programu mchezo wa maneno uitwao Mindwheel. Mchezaji anasafiri ndani ya akili za watu waliokwisha kufa, wakiwemo dikteta na mshairi, na anayempa maelekezo mwanzoni ni daktari aitwaye Virgil. Hamna duara tisa wala Beatrice. Lakini muundo ni ule ule wa kuteremka kwa wafu ili kuleta elimu kwa walio hai, na mchezaji anasonga mbele kwa kusoma, kukisia na kuandika. Miaka 10 baadaye, mwaka 1994, Pinsky alichapisha tafsiri yake ya Inferno. Tunavutiwa na mpangilio huo wa tarehe: mchezo ulitangulia, tafsiri ikafuata. Hatutaki kusema kwamba kimoja kilisababisha kingine. Twasema tu kwamba mtu aliyeujua utungo kwa undani aliazima muundo, na kampuni iliyoujua kwa jina iliazima majina.

Hapa pia pangeweza kutajwa Elegy for a Dead World, wa mwaka 2014, ambao ulimwengu wake mitatu umebuniwa kutokana na tungo za Byron, Shelley na Keats, na ambamo kazi ya mchezaji ni kuandika tu anachokiona. Ni mchezo wenye adabu. Swali kama bado ni mchezo tunawaachia wengine.

Manju na mashine

Uhusiano wa tatu ndio tunaouona kuwa na rutuba. Kati ya mwaka 1933 na 1935 Milman Parry, akisaidiwa na Albert Lord, alirekodi waimbaji wa tenzi katika nchi iliyokuwa Yugoslavia. Mmoja wao, Avdo Međedović, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, aliwatolea utenzi mmoja wenye mishororo zaidi ya 12,000. Lord alieleza matokeo ya utafiti huo katika The Singer of Tales, mwaka 1960. Kwa mujibu wake, mwimbaji hakariri. Ana akiba ya mafungu ya maneno yanayolingana na mizani, ana visa vya kawaida kama vile baraza la mfalme, shujaa kujivika silaha, au karamu, na kwa akiba hiyo anatunga papo hapo mbele ya hadhira. Hakuna nakala asilia. Kila uimbaji ni utungo mpya, na kila mwimbaji huapa kwamba ameimba vile vile.

Janet Murray wa MIT aliitumia nadharia hiyo mwaka 1997 katika Hamlet on the Holodeck. Hoja yake ni kwamba mtunzi wa hadithi za kompyuta haandiki hadithi moja bali kanuni zinazoweza kuzaa hadithi nyingi, kama ambavyo mapokeo ya manju yanavyozaa maonyesho mengi. Mwaka huo huo Espen Aarseth wa Norwe alichapisha Cybertext, akisisitiza kwamba maandishi ambayo msomaji lazima ayafanyie kazi ili yaendelee ni aina ya peke yake. Kutoka hapo, hasa kuanzia mwaka 2001, kukazuka mabishano makali baina ya waliosoma michezo kama hadithi na walioisoma kama kanuni za kuchezea. Mabishano hayo hatutayarudia. Mengi yalikuwa ya mipaka ya idara.

Hoja ya Murray tunaikubali kwa sharti. Ikiwa programu ndiyo mapokeo, manju ni nani? Wengi hujibu haraka: ni mchezaji. Lakini manju wa Lord ni mtu aliyejifunza lugha ya utunzi kwa miaka mingi, akiwa kijana akisikiliza, kisha akijaribu, kisha akikubaliwa. Mchezaji haijui lugha ambayo mchezo umetungiwa. Anajua matunda yake tu. Katika kitabu cha nane cha Odyssey, Odysseus, akiwa mgeni asiyejulikana, anamwomba mwimbaji kipofu Demodokos aache kisa alichokuwa nacho na aimbe habari za farasi wa mbao. Mwimbaji anakubali, anaanzia pale alipoombwa, na mwombaji analia. Mchezaji tunamwona kuwa katika kiti cha Odysseus huyu. Anaomba, anaelekeza, anaguswa na alichokiomba. Hatungi.

Manju, basi, ni mashine, na ni manju mwenye kasoro moja kubwa: haioni nyuso. Mtambaji wa Lamu huona wasikilizaji wakichoka na kufupisha, huona mzee aliyefiwa na kuruka ubeti. Mashine hupima vitufe tu. Wabunifu wenye kipaji wamejaribu kuliziba pengo hilo. Katika Hades, mchezo wa kampuni ya Supergiant Games uliokamilika mwaka 2020, Zagreus mwana wa Hades anajaribu kutoroka Kuzimu, anauawa njiani, anarudi nyumbani, anajaribu tena. Kila arudipo wahusika humsemesha kwa maneno mapya yanayotegemea alikofikia, aliyemuua, na silaha aliyoshika, na mazungumzo hayo yamerekodiwa kwa maelfu. Huu ni ufundi wa mafungu ya maneno katika maana ya Lord kabisa: akiba kubwa iliyopangwa kwa matukio ya kawaida, inayochaguliwa papo hapo. Mchezo hauoni uso, lakini unakumbuka safari.

Kwetu sisi wa ushairi wa Kiswahili ipo nukta nyingine ambayo wahakiki wa Ulaya na Marekani wameipa nafasi ndogo. Ushairi wetu umejengeka kwa kujibizana. Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameonyesha jinsi utungo mmoja unavyodai jibu la mwingine, na yeyote aliyesoma mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa anajua kwamba nusu ya maana yake iko kwa washairi wa Lamu aliokuwa akishindana nao. Fumbo hufumbwa ili lifumbuliwe. Katika mchezo wa Zork II, wa mwaka 1981, mchezaji hufika mahali ambapo hawezi kupita hadi ategue kitendawili cha kale cha Kiingereza ambacho jibu lake ni kisima. Wachezaji wa Marekani walikiona kuwa kikwazo. Mtoto wa pwani angekiona kuwa salamu.

Mfano ulio bora zaidi tunao nyumbani. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mnamo mwaka 1913, ambao M.M. Mulokozi aliuhariri katika Tenzi Tatu za Kale, mwaka 1999, Liyongo amefungwa gerezani kwa amri ya sultani wa Pate. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hukila kizuri na kumwachia kibaya. Liyongo anamwimbia Saada wimbo ambao walinzi wanausikia bila kuuelewa: mama na aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Mkate unafika, walinzi wanaudharau, tupa inamfikia. Kisha anaomba ngoma ya gungu ipigwe, na katika vishindo vya vyombo sauti ya chuma kikikatwa haisikiki. Mtu aliyezoea michezo ya Infocom hataona hapa jambo geni. Kuna chumba kilichofungwa, walinzi wenye tabia inayotabirika, kitu kilichofichwa ndani ya kitu, na sauti inayoficha sauti. Lakini tuone tofauti. Hila ya Liyongo inafanywa kwa lugha. Ufunguo wenyewe ni wimbo, na wimbo unafanya kazi kwa kuwa unasikiwa na hadhira mbili kwa maana mbili. Sijapata kuona mchezo uliofikia hapo, ingawa Mindwheel ilielekea huko.

Tatizo la kifo

Tumefika mahali pagumu. Hadhira ya utenzi wa kale inajua mwisho. Msikilizaji wa Iliad anajua kwamba Achilles atakufa, na Achilles mwenyewe anajua: katika kitabu cha tisa anasema kwamba mama yake amemweleza njia mbili, maisha marefu yasiyo na sifa au maisha mafupi yenye sifa isiyokufa. Uchaguzi, ambao wapenzi wa michezo hudai kuwa ni mali yao, umo katikati ya utenzi mkubwa kuliko zote. Umo kama uchaguzi wa kweli, kwani Achilles anautafakari kwa siku kadhaa huku wenzake wakiuawa. Hata hivyo hakuna msikilizaji anayengoja kuona atachagua nini. Anangoja kuona atachaguaje, na kwa gharama ya nani. Gharama ni Patroclus.

Mchezo una desturi nyingine. Kifo ndani yake ni adhabu ndogo ya kukosea, nayo hufutwa. Wabunifu wanalijua tatizo hili. Hades wameligeuza kifo kuwa mwendo wa hadithi: Zagreus akifika juu duniani hawezi kuishi huko, anakufa na kurejea, na mchezaji lazima afike juu mara 10 ndipo kisa kikuu kikamilike. Ni ufumbuzi wa kijanja, na una chembe ya Sisyphus, ambaye naye yumo. Lakini tazama alivyotendewa Achilles katika mchezo huo huo. Ni kivuli kinachojuta, kilichotengana na Patroclus, na mchezaji mwema anaweza kuwapatanisha. Orpheus na Eurydice vilevile. Kilichovunjwa na ushairi kinaungwa na mchezo. Tuliyasoma mapatano hayo kwa furaha, na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini ni furaha ya kitabu cha pembeni, ya maoni yaliyoandikwa ukingoni mwa ukurasa. Yanawezekana kwa kuwa Iliad iko, na haikuwahi kuwapatanisha.

Je, mchezo waweza kusimulia mwisho usioepukika bila kuazima uzito wake kutoka kwingine? Swali hili si la nadharia tupu, maana litamkabili yeyote atakayetaka kuugeuza utenzi wa Liyongo kuwa mchezo, na hakuna sababu ya kudhani kwamba hatatokea. Mwaka 2014 Wainyupiati wa Alaska, kwa kushirikiana na kampuni ya E-Line Media, walitoa mchezo wa Never Alone, uliojengwa juu ya hadithi ya mapokeo yao na kusimuliwa kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa mchezo wake, Aurion. Njia imefunguka.

Atakayejaribu atapata sehemu za mwanzo kwa urahisi. Kuna mkoma ambao watu wa mwituni walimtaka Liyongo aukwee ili wamfume akiwa juu, naye akayaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Kuna gereza, wimbo, mkate. Yote hayo ni mitihani, na Liyongo anaishinda kwa akili. Ugumu unaanza pale sultani anapomwendea kijana wa Liyongo na kumwahidi mke na mali. Kijana anamwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua. Liyongo anafahamu kilicho nyuma ya swali hilo, na anajibu: sindano ya shaba, kitovuni. Hapa hakuna fumbo la kufumbua. Shujaa aliyezishinda hila zote anaiona hila ya mwisho waziwazi na kuifungulia mlango, kwa kuwa anayeuliza ni mwanawe.

Mchezaji akiwa Liyongo, atatafuta jibu la uongo, na programu itambidi imkatalie; ni kama kumfunga mtu mikono kisha kumsifu kwa uvumilivu. Kwa maoni yetu mchezaji anapaswa kuwa yule kijana. Katika utenzi yeye ndiye mwenye hiari. Anakwenda mara ya kwanza akaogopa, baba akaamka, anangoja, anarudi baba akiwa amelala. Kila hatua angeweza kugeuka. Mbunifu akimwachia nafasi ya kugeuka kwa kweli, atakuwa ametunga kisa kingine, nasi hatutamlaumu. Akimwachia nafasi hiyo na bado mchezaji akaendelea, kwa sababu ameahidiwa alama, kwa sababu michezo yote aliyoicheza imemzoesha kuendelea, basi hapo mchezo utakuwa umegusa jambo ambalo utenzi haukuweza kuligusa, kwani msikilizaji wa utenzi hakuwahi kuishika ile sindano.

Kisha kutabaki kisima. Liyongo aliyechomwa anainuka, anachukua upinde, anakwenda kupiga goti karibu na kisima cha mji akiwa amevuta mshale, na hapo anakata roho. Watu hawajui. Wanamwona amepiga goti na hakuna anayethubutu kuteka maji. Mama yake analetwa amwimbie, amsihi, mwana hamjibu. Siku zinapita hadi mwili unapoanguka. Kijana aliyeua hapati mke wala mali, anaugua na kufa. Mbunifu atalazimika kuamua kitakachokuwa mikononi mwa mchezaji katika siku hizo ambazo mji mzima una kiu, upinde umevutwa, na hakuna amri yoyote itakayotiiwa.